Ushuhuda wa Macho Yangu

Mbugangari, Gisenyi, alasiri ya kuamkia safari yako

Aline mwanangu,

Ukiona barua hii ni nene usidhani mama yako amekuwa na maneno mengi. Ni herufi ndizo kubwa. Naandika kwa ile kalamu nyeusi nene tunayoandikia bei dukani, na kila ukurasa unabeba sentensi chache tu kisha unajaa. Nimekaa mlangoni, kiti nimekigeuza kutazama barabara, kwa sababu jua la saa hizi ndilo linalonifaa. Wazazi wengine huwaandikia watoto wao usiku, nyumba ikiwa imelala. Mimi usiku siandiki tena, na sababu yake ndiyo habari yenyewe ya barua hii.

Wewe umekwenda Kanzenze kumuaga shangazi yako. Ni mimi niliyekuhimiza uende leo badala ya jana, kwa sababu nilitaka nyumba iwe tupu niandike bila wewe kunichungulia begani. Unisamehe hilo kwanza. Ni dogo, tulianzie hapo.

Sitakuambia habari za mizigo, wala chakula cha njiani, wala nani atakupokea Dar es Salaam. Hayo umeyapanga vizuri kuliko ambavyo ningeyapanga mimi. Huko watakicheka Kiswahili chetu, nawe ucheke nao, utakizoea chao. Mimi hiki ndicho nilichofundishwa kuandika nilipokuwa mtoto Goma, na Kinyarwanda tunachozungumza nyumbani kinanitoroka nikishika kalamu. Basi nivumilie kwa hiki.

Sioni vizuri, Aline. Jicho la kulia limebaki kunijulisha tu kama ni mchana au usiku. La kushoto linaona, lakini kama mtu anayetazama nje kupitia pazia lenye madoa. Na si jambo la juzi. Lilianza kabla hujamaliza shule.

Najua unachofikiri sasa. Ulikuwa umekaa benchi la mbele siku niliposimama kanisani nikasema Mungu ameniponya macho. Ulilia mpaka ukaazima leso yangu. Ndiyo, macho ni hayohayo.

Ngoja nianzie nyuma kidogo. Baba yako alipofariki wewe ulikuwa bado unatambaa. Ndugu zake walikuja msibani, wakanitazama kama watu wanaotazama nyumba wakingoja ianguke wagawane mabati. Nikajiapia kwamba hawataniona nimekonda. Nikafungua duka, nikakaa kwenye kiti nyuma ya meza, nikala. Chupa ya chai ya maziwa ilikuwa miguuni pangu toka asubuhi, sukari vijiko visivyo na idadi, na mandazi kwenye sahani. Kitenge kilipoanza kunibana kiunoni nilifurahi. Watu wakipita walisema, "Mama Aline, umenona, Mungu ashukuriwe," nami nilijiona nimewashinda wakwe zangu bila kurusha jiwe.

Halafu kulikuwa na Fanta. Unajua desturi yetu. Mgeni hafunguliwi chupa akanywa peke yake huku mwenyeji anamtazama. Unafungua na yako, mnakunywa pamoja, asione kama anahesabiwa. Na dukani kila mtu ni mgeni. Sikuwa na siku isiyo na chupa tupu kadhaa mezani, na nilijisifu kwa ukarimu.

Siku waliponipima kwenye kituo cha afya wakasema ni sukari, niliona aibu kuliko hofu. Nilidhani huo ni ugonjwa wa watu wenye magari. Muuguzi, msichana mpole tu, aliniambia macho nayo yapimwe kila mwaka, hata kama bado yanaona. Nikamjibu kwamba mimi natunga uzi kwenye sindano bila miwani. Nilimjibu kwa dharau, na yeye akacheka kwa adabu, akaandika alichoandika. Sikurudi. Dawa nilimeza nilipojisikia vibaya na kuziacha nilipojisikia vizuri, kama mtu anayebeba mwavuli akiwa ameshalowa.

Bibi yako naye alipofuka akiwa Masisi, nami nikiwa msichana nilimwongoza kwa mkono kwenda kisimani. Tulisema ni uzee. Hakuna aliyeuliza zaidi. Nilikua nikiamini macho ya wazee huzimika yenyewe kama taa iliyoisha mafuta, na kwamba mtu hana la kufanya ila kungoja zamu yake. Leo najua yapo mengi ambayo ningeweza kufanya, na mengi yalikuwa rahisi: kutembea badala ya kukaa, kumeza dawa kila siku, kunywa maji, kwenda kupimwa. Nakuandikia hayo mara moja tu na sitayarudia. Lakini wewe ni damu yangu, na bibi yako ni damu yako. Nenda ukapimwe sukari ukiwa bado kijana, usingoje mwili ukuambie.

Ilianza kwa nzi weusi. Vidoa vidogo vilivyoruka mbele ya jicho la kulia, nami nilikuwa navifukuza kwa mkono, mkanicheka wewe na wateja. Halafu asubuhi moja jicho lote likajaa kitu kama moshi, mweusi wenye wekundu ndani yake. Niliogopa sana. Badala ya kwenda hospitali nilikwenda kwa wamama wa kanisa, wakafunga na kuomba, nami nikafunga pamoja nao. Baada ya majuma kadhaa moshi ule ukashuka, ukaisha. Jioni ile nilitoka nje nikaona wekundu wa ule mlima wa moto juu ya Goma, umewaka vizuri kabisa, na nikapiga magoti palepale kwenye mawe ya njia.

Kwa hiyo siku niliposhuhudia sikuwa nikisema uongo. Nataka ulijue hilo, si kwa kujitetea, bali kwa sababu nakumbuka machozi yako, na machozi yale hayakumwagika kwa ajili ya uongo. Nilisema nilichokiona. Uongo ulikuja baadaye, na ulikuja ukiwa umevaa vizuri. Watu walianza kuniita Mama Ushuhuda. Nilipewa kiti cha mbele. Wagonjwa waliletwa dukani niwaombee. Mjane aliyekuwa akihesabiwa siku za kuanguka, leo watu wazima wanainama wakimsalimu. Utamu ule, Aline, ulizidi ule wa Fanta.

Nzi walirudi kabla mvua hazijaanza. Kwanza mmoja, halafu kundi. Sikumwambia mtu. Nilijiambia ni jaribu tu, litapita kama lilivyopita la kwanza.

Ni katika siku zilezile alipokuja Mama Zawadi. Wewe unamjua kama yule mama wa nyanya aliyekuwa akivuka mpaka na beseni kichwani kwenda kuuza Goma, lakini kwangu alikuwa zaidi ya hapo. Siku za msiba wa baba yako alilala chini kwenye mkeka wangu mpaka ndugu walipoondoka. Yeye naye alikuwa na sukari, tena alikuwa mtiifu kuliko mimi. Alikwenda kila alipoitwa. Macho yake yalikuwa yameanza kusumbua, na hospitali walikuwa wamempa siku ya kwenda kuchomwa kwa ule mwanga wanaotumia kuziba mishipa inayovuja ndani ya jicho.

Aliingia akicheka, akatua beseni.

"Mama Aline, mi nilikuya na habari muzuri. Walinipa rendez-vous ya kuchoma macho. Bon, sitaenda."

"Juu ya nini usiende?"

"Mungu mwenye aliponya yako bila kuchoma, atashindwa na yangu?"

Alisema hivyo huku nzi wakiruka mbele yangu, kati ya uso wangu na uso wake. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu: enda. Hata nisingehitaji kujieleza. Ningesema, enda Mama Zawadi, Mungu yuko hospitali pia. Lakini niliona kwamba nikimtuma hospitali ataniuliza kwa nini, na nikianza kujibu nitaishia kusema yote, na kiti cha mbele kitakuwa kimekwisha. Basi nikanyamaza. Nikainuka, nikachukua chupa mbili kwenye kreti, nikazifungua. Tukanywa Fanta, wanawake wawili wenye sukari, tukishangilia kwamba mmoja hatakwenda kutibiwa.

Mama Zawadi alipoteza jicho moja, halafu la pili. Sasa binti yake humshika mkono. Biashara ya nyanya imekwisha. Uliniuliza mara nyingi kwa nini siendi kumwona, nikakujibu duka halina mtu. Duka lilikuwa na wewe. Nilikwenda mara moja tu, mwanzoni, na pale kitandani aliniambia, "Labda imani yangu ilikuwa kidogo." Nilimshika mkono nikamwacha aamini hivyo. Nikatoka nimeshika kanga yangu kichwani kama mtu mwenye huzuni, na huzuni nilikuwa nayo kweli, lakini nilikuwa pia nashukuru kwamba hakuniuliza lolote.

Nawe nilikudanganya kwa vidogovidogo vingi mpaka vikawa maisha. Nilikupa kazi ya kupima sukari na unga nikasema ujifunze biashara. Sikuona mizani; jicho la kushoto nalo lilikuwa limekwisha kufifia. Ibada ya nyumbani nilisoma zaburi ileile kila juma, ukanitania kwamba nimeipenda sana; niliijua kwa moyo. Jioni moja nilikuambia, "Leo mlima umewaka kweli," nawe ukasema, "Mama, wee, leo iko mawingu tupu." Nikacheka. Ulinitazama muda mrefu kidogo siku ile. Sikuona ulivyonitazama, lakini nilisikia ulivyokaa kimya.

Sasa nikuambie la mwezi uliopita. Jicho la kushoto nalo lilipoanza moshi, woga ulishinda aibu, ingawa si kwa mbali. Ile siku niliyokuambia nakwenda Busasamana kuulizia viazi, nilikwenda kliniki ya macho. Nilijifunga kitenge mpaka usoni, nikavaa miwani ya jua, nikakaa mwisho wa benchi nikitazama chini. Nilijiona nimejificha vizuri. Kumbe mtu asiyeona hahitaji kukuona uso. Nilikohoa kidogo tu.

"Ni Mama Aline huyo?" Alikuwa Mama Zawadi, upande wa pili wa benchi, na binti yake kando. "We uko nafanya nini hapa?"

Ungedhani ningeshindwa kudanganya tena mbele ya macho yale. Sikushindwa. Nilisema, "Nilisindikiza mutu."

Tukakaa. Na baada ya muda mfupi muuguzi akatoka mlangoni na faili, akaita jina langu lote, la ubatizo na la baba, akaongeza kwa sauti ya kazi yake, "Yule wa sukari, jicho la kushoto." Sikuinuka. Akaita tena. Watu wakaanza kutazamana. Mama Zawadi akageuza uso upande wangu, akasema polepole, "Wanakuita, mama. Enda."

Enda. Lile neno nililomnyima dukani, alinipa yeye.

Daktari alinieleza bila kunigombeza, na heri angenigombeza. Alisema mishipa midogo ndani ya jicho huharibika kwa sukari ya miaka mingi, huvuja damu, damu ikatulia chini mtu akaona vizuri akadhani amepona, halafu ikavuja tena. Kwa jicho la kulia nimechelewa. La kushoto bado lina kitu cha kuokoa, nikifuata tiba na nikibadilisha mwenendo wangu. Sisemi Mungu haponyi, Aline, usije ukafika huko ukasema mama yako ameacha imani. Nasema nilimwekea Mungu sahihi yangu kwenye jambo ambalo sikungoja kulijua, halafu nilipojua sikuifuta.

Nilipotoka, Mama Zawadi alikuwa ananingoja nje, amesimama ukutani.

"Tangu wakati gani?" akaniuliza.

"Tangu zamani."

"Ile siku ya Fanta, ilikuwa imesharudia?"

"Ilikuwa imesharudia."

"Donc ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Halafu akasema, "Mi kila siku niko naomba Mungu musamaha juu ya imani yangu kidogo. Kila siku, Mama Aline." Akamwambia binti yake waende. Nilibaki nimesimama hapo mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Hiyo ndiyo aibu yangu. Kupofuka si aibu. Hata sukari, pamoja na uzembe wangu wote, ningeibeba. Lakini mwanamke mwema aliyelala kwenye mkeka wangu amekuwa akiomba msamaha kwa kosa langu, na nilimwacha aombe.

Nilikwenda kwa mchungaji nikamweleza. Alisikiliza vizuri, kisha akasema si lazima niseme mbele ya watu, nisije nikawakwaza walio wachanga kiimani. Nitubu tu moyoni. Nakiri nilifurahi sana. Nilitembea mpaka nyumbani nimefurahi hivyo. Halafu nikamkumbuka yule mama wa soko la juu anayeniuliza kila Jumapili kama aendelee na vidonge vyake, na furaha ikaisha. Jumapili hii nitasimama. Nilitaka ningoje uwe umeshaondoka ili usinione nikiteremka kile kiti, na nilijiambia ni kwa ajili yako. Haikuwa kwa ajili yako. Ndiyo maana nimekuandikia leo, usome kwa macho yako kabla hujasikia kwa mdomo wa mtu. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini mdomo wangu umezoea kupamba. Kalamu hii nene haipambi, haina nafasi.

Baada ya kanisa nitakwenda kwa Mama Zawadi. Sijui kama atanifungulia. Asiponifungulia nitarudi siku nyingine, na nikirudi sitabeba zawadi, maana ningekuwa najaribu kununua.

Kama kuna neno moja nililopata kwa gharama yote hii, ni hili: mtu akikusifu kwa jambo ambalo si lako, likatae siku ileile, likiwa bado jepesi. Ukilala nalo usiku mmoja, asubuhi utalikuta limekuwa fanicha ya nyumba. Utalizunguka. Utawazungusha na wengine.

Sasa nakujua. Ukimaliza kusoma hapa utasema huendi. Utatoa nguo begini. Aline, nakuomba usinifanyie hivyo. Nimeshakuchukulia miaka ukiwa macho yangu bila kukuomba ruhusa. Usinipe mingine kwa huruma. Solange wa shangazi yako anakuja kukaa nami, tumeshazungumza, anajua kila kitu, na mizani ataishika yeye. Kliniki nitakwenda kila wanaponiita. Chai nakunywa bila sukari, na ni mbaya kama unavyofikiri. Mgeni akija namfungulia yake, mimi nakunywa maji mbele yake, akiona vibaya aone. Watu wameanza kusema nimekonda. Nawajibu ndiyo, nimekonda.

Neno la mwisho ni la kesho. Ile mara ulipokwenda Kigali kwenye usaili, nilisimama kituoni nikalipungia mkono basi la Musanze mpaka likapotea. Wewe ulikuwa kwenye basi jingine nyuma yangu, ukaniona, ukacheka, ukadhani nakutania kama kawaida yangu. Ulipopiga simu ukiwa njiani na mimi nikacheka. Kesho wamama wa kanisa watakuja kukusindikiza, wote, na vitenge vyao vya sare, na watakuwa wamesimama karibu nami.

Usinipungie mkono, mwanangu. Toa kichwa dirishani uniite kwa sauti, useme, "Mama, niko hapa," wasikie wote, uite tena na tena mpaka uone nimegeuka upande ulipo.

Mama yako